Kikapu cha Shangazi na Shingo ya Dada Atupele

Sekela ni mdogo, lakini ana shingo ya kuringia! Akijitwika kikapu, hakishiki. Anatembea tu, tiki-taka, tiki-taka, huku akiimba:

"Shingo juu, macho mbele!
Kikapu tulia, twende!"

Siku moja dada Atupele alirudi kutoka chuoni. Sekela alifurahi mno.

Kesho yake shangazi Subilaga angeolewa. Kwao, mchele wa bibi harusi hupelekwa harusini kichwani, bila kushikwa. Dada angetangulia. Sekela angemfuata na kikapu chake kidogo.

"Dada, njoo tufanye mazoezi!"

"Subiri kidogo, mdogo wangu." Dada alikuwa ameinamia simu.

Ti-ti! ikalia simu. Dada akainama zaidi.

Sekela akasubiri. Akasubiri mpaka akachoka.

Jioni dada akainuka. "Aa! Shingo yangu!"

Akajitwika kikapu cha mchele. Kichwa kikaenda mbele. Kikapu nacho kikaenda mbele. Mwaaa! Mchele wote chini! Kuku wakaja mbio.

"Jamani, Atupele!" mama akasema. "Basi, kesho atabeba mama mdogo. Na wewe Sekela utakaa na watoto wenzako."

Sekela akaumia moyoni. Lakini hakulia.

"Hapana, mama. Dada anaweza. Nitamfundisha mimi."

Mama akacheka. Sekela hakucheka.

"Dada, lete simu. Ikalale."

Akaifungia kabatini. Ti-ti! "Lala!" akasema Sekela.

Mama akamkanda dada shingo kwa maji ya moto. Sekela akamwekea ngata ya kanga kichwani, kisha kikapu kitupu.

"Shingo juu, macho mbele!
Kikapu tulia, twende!"

Ti-ti! Dada akageuka. Pu! Kikapu chini.

"Macho mbele, dada!"

"Sawa, mwalimu."

Wakarudia. Wakarudia tena. Tiki-taka, tiki-taka.

Kesho yake mama akakubali, na dada akatangulia na mchele. Shingo bado ilimuuma kidogo, lakini ilinyooka. Sekela akafuata nyuma, anaringa huyo!

"Shingo juu, macho mbele!
Kikapu tulia, twende!"

Wakafika. Hakuna hata punje iliyomwagika. Vigelegele vikapigwa, na shangazi akawakumbatia wote wawili.

Usiku, dada akamfunika Sekela shuka.

"Mwalimu wangu, umechoka?"

"Mimi? Sijachoka hata..."

Akalala fofofo, kabla hajamaliza kusema.