Managu Yasiyotoa Maua

Alhamisi, tarehe 11 Mei 2023, saa nne asubuhi, nilikuwa soko la Daraja Mbili nikitafuta mboga ya mchana. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha matope, na wauza ndizi walikuwa wakigombania mahali pakavu. Nilikuwa na rafiki yangu Kinsi, mwenye duka la vitambaa mbele ya kibaraza ninaposhonea nguo. Kinsi alizaliwa mjini Kisii na hakuna bei asiyoijua. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Halafu nikaona managu ya dada yangu.

Utasema managu ni managu, fungu moja ni kama lingine. Lakini dada yangu Nyanchama alikuwa na ukucha wa kidole gumba uliopasuka katikati tangu utotoni, panga lilipomteleza akikata nepia, majani ya ng'ombe. Alichuma mboga kwa ukucha huo. Kila shina alilolikata lilibaki na alama mbili ndogo ubavuni, kama meno ya panya. Nimekula mboga zenye alama hizo miaka mingi. Nikainua fungu moja, nikageuza mashina. Alama mbili. Nikachukua fungu la pili. Alama mbili.

Dada yangu alikuwa amekufa tangu Januari.

"Mama Duke, mbona umeganda hivyo?" Kinsi aliniuliza. "Umemwona mwenye nyumba?"

Nilikuwa nikimtazama muuzaji. Alikuwa Persis, yule msichana ambaye shemeji yangu Thadeus alimleta nyumbani wakati dada yangu bado anaishi humo.

"Nani amechuma haya?" nikamuuliza.

Persis alitazama kushoto, akatazama kulia. "Mama, sijui," akanong'ona. "Kila asubuhi tunakuta yamechumwa tayari. Yamefungwa kwa kamba ya mgomba, yamelazwa juu ya jani pale mlangoni. Mimi nilidhani ni Thadeus. Yeye alidhani ni mimi."

"Na mlipoulizana?"

"Tuliacha kuulizana." Akashusha sauti zaidi. "Yananunuliwa sana."

Nieleze kwanza watu hawa walivyo, ili usije ukawaonea huruma.

Dada yangu aliolewa katika kijiji kimoja upande wa Kenyenya. Sitakitaja, wenyewe wanajijua. Alikuwa mkulima wa managu, mboga ambayo watu wa pwani huiita mnavu. Wengi hufikiri managu hayalimwi, yanajiotea tu. Nyanchama aliyalima kama mtu anayelea mtoto. Aliyakamua matunda meusi yaliyoiva ndani ya maji, akaziosha mbegu, akazikausha kwa majivu. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, kwa hiyo alizichanganya na mchanga zisianguke mahali pamoja. Kiangazi alimwagilia maji aliyooshea vyombo. Alikata ncha ili shina litoe matawi, na kila ua jeupe lililochungulia alilitoa, kwa sababu managu yakishatoa maua hukumbuka kuzeeka. Majani huwa madogo na machungu, kisha mmea unakufa.

"Managu ni kama mzee wa kanisa," aliniambia siku moja. "Usipomkata kichwa kidogo kila wiki, anaanza kujiona."

Jirani zake hawakufanya lolote kati ya hayo. Walimwaga mbegu, wakaenda kusimama njiani kuongea habari za watu. Kiangazi cha Januari mboga zao zilikauka, za Nyanchama zikabaki kijani. Mtu mwenye akili angemuuliza, "Unamwagilia nini?" Wao waliulizana, "Huwa anaenda wapi usiku?" Neno omorogi, yaani mchawi, lilianzia kisimani asubuhi, na kabla ya jioni lilikuwa limefika kwa mumewe.

Thadeus ni mtu wa kutia mikono mfukoni na kuiita hiyo hekima. Dada yangu hakujaliwa mtoto, naye mumewe alikuwa ameshamjengea Persis nyumba ya mabati na kumwacha Nyanchama katika ile ya zamani ya udongo na nyasi. Alikuwa akitafuta sababu ya kumwondoa, na kijiji kikamletea. Alivaa koti akasema anakwenda Nyansiongo kuangalia ng'ombe wa maziwa. Huyo mtu hajawahi kununua hata kuku. Alipokuwa huko, nyumba ya udongo ilichomwa, dada yangu akiwa ndani, mlango ukiwa umefungwa kwa nje.

Kesho yake hakuna aliyekuwa ameona kitu. Kijiji chenye macho ya kuona uchawi gizani hakikuuona moto.

Walimzika kando ya ua bila sala. Sisi Wakatoliki tuna jumuiya, na jumuiya huja nyumbani kumwombea marehemu ikiitwa na mwenye boma. Thadeus hakuiita. Nilimwendea mara nyingi. Sikutaka shamba wala vyombo vyake. Nilitaka kitu kimoja tu: aite watu, dada yangu aombewe pale pale walipomchomea, ili asibaki ardhini na jina la mchawi.

Jumamosi baada ya siku ile ya soko nilikwenda tena.

Jua lilikuwa kali. Thadeus alikuwa ameketi nje ya nyumba ya mabati akichokonoa meno. Mkabala naye, pale nyumba ya dada yangu ilipokuwa, managu yalikuwa yameota juu ya majivu. Sijapata kuona managu kama hayo. Yalifika kifuani. Yaliota ndani ya umbo la nyumba tu, hayakuvuka mstari wa kuta hata kwa jani moja. Upande wa mlango paliachwa nafasi ya mtu mmoja kupita. Na katikati, pale kitanda kilipokuwa, palikuwa peupe kabisa, bila hata mche.

"Nani alipanda?" nikauliza.

"Yalijiotea mvua ilipoanza. Si unajua managu, shemeji. Yanapenda majivu."

Alisema hivyo. Kwa mdomo wake. Huku akichokonoa meno.

"Thadeus, ita jumuiya."

"Nikiita watu wamwombee, nitakuwa nimesema tulichoma mtu wa Mungu."

"Na hamkumchoma?"

"Mimi nilikuwa Nyansiongo."

Niliingia kwenye yale managu nikayakagua. Yalikuwa na umri wa kutoa maua. Hapakuwa na ua hata moja. Nikainama nikatazama pale ua linapoanzia. Kila kikonyo kilikuwa kimekatwa. Utomvu ulikuwa bado mbichi.

Juni ilipita, Julai ikapita. Managu ya watu wengine yalizaa, yakazeeka, yakang'olewa. Yale hayakuzeeka. Wale wale waliosema mboga za Nyanchama ni za kichawi sasa walikuja na vikapu kumwomba Thadeus awauzie, eti ni laini, eti hazina uchungu. Walizila na ugali wa wimbi, wakajilamba vidole. Walikuwa wakila kutoka chumbani mwa mtu waliyemchoma, na mazungumzo yao yalikuwa juu ya chumvi.

Septemba Persis alinipigia simu. Alikuwa kwao, na alikuwa akilia.

"Nimeondoka, Mama. Yaliacha kulazwa mlangoni. Yakaanza kulazwa mezani. Ndani. Na mlango nimeufunga kwa komeo mwenyewe."

"Halafu?"

"Halafu leo asubuhi nikakuta chungu mezani. Yamepikwa. Kwa maziwa, yamelala usiku kucha ndani ya maziwa. Mimi sijui kupika hivyo." Nilisikia anavyopumua. "Chungu kilikuwa cha moto, Mama. Jikoni hakuna aliyewasha moto."

"Na Thadeus?"

"Aliketi akala."

Nimeifikiria sana sentensi hiyo. Kuna wanaume wanaogopa mizimu, na kuna wanaume wasioamini mizimu. Thadeus alikuwa wa aina yake. Alimwogopa mzimu, lakini hakuogopa chakula chake. Mke mmoja amekufa, mwingine amekimbia, na kuwasha moto mwenyewe hakukumjia akilini. Persis alisema kwamba alipomaliza alisukuma bakuli mbele kidogo, kama alivyozoea, ili liondolewe.

Na likaondolewa.

Oktoba nilikwenda na Joash, katekista wetu, mtu mpole asiyependa makuu. Tulifika adhuhuri. Thadeus alikuwa amekonda hadi koti lilimning'inia kama lililosahauliwa ukutani. Alikuwa amesimama mlangoni akitungoja, ingawa hatukuwa tumemwarifu. Mezani nyuma yake niliona chungu. Kilikuwa kikitoa mvuke.

"Thadeus," Joash alimwambia kwa upole, "sema neno moja tu. Waite watu, tumwombee mama huyu."

Thadeus aliinamisha kichwa kukubali. Alikubali kwa haraka, kama mtoto. Akafungua mdomo. Ulimi wake ulikuwa mweusi, mweusi kama tunda la managu lililoiva.

"Mimi nilikuwa Nyansiongo," akasema.

Akashtuka. Akatikisa kichwa, hapana, si hivyo. Akajaribu tena.

"Mimi nilikuwa Nyansiongo."

Akajipiga mdomo kwa kiganja. Machozi yalimtoka. Alivuta pumzi, akakaza shingo, akatafuta neno lingine lolote. Niliona midomo yake ikijaribu kuunda jina la dada yangu.

"Mimi nilikuwa Nyansiongo. Mimi nilikuwa Nyansiongo. Mimi nilikuwa..."

Joash alinivuta kando. "Mama Duke," akanong'ona, "unisamehe. Je, kama wale watu walikuwa na ukweli kidogo? Haya si mambo ya kawaida."

"Joash," nikamwambia, "mtu akichomwa ndani ya nyumba yake kisha akarudi kupalilia shamba lake, huo si uchawi. Hiyo ni kesi."

Tulipogeuka Thadeus hakuwepo mlangoni. Alikuwa ameingia ndani. Akatoka amebeba kiti. Akakiweka uani. Akarudi, akatoka na kingine. Hakutazama mtu. Alivipanga kwa mstari, kama vinavyopangwa mahali penye matanga.

Kwetu viti vikitolewa nje na kupangwa hivyo, hakuna haja ya tangazo. Mlima wa pili unaona. Mwenye boma anaita watu kuomboleza, na asiyekuja ndiye atakayeulizwa. Thadeus alikuwa ameita. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, lakini mikono, iliyokaa mfukoni maisha yake yote, ilikuwa imepata kazi.

Wakaja. Wale wale. Walipita getini mmoja mmoja, wakitazama miguu yao. Hakuna aliyeuliza nani anaombewa. Kiti cha mwisho Thadeus hakukipanga pamoja na vingine. Alipita nacho pale palipokuwa mlango, akakipeleka katikati ya managu, pale peupe kitanda kilipokuwa. Akakiweka. Akapiga magoti mbele yake. Hakuna aliyekwenda kukikalia.

Joash alianza sala. Watu waliitikia kwa sauti ndogo. Nilitaja jina la dada yangu kwa nguvu, la ubatizo na la nyumbani, wasikie. Upepo haukuwepo. Lakini managu yalikuwa yakitikisika, shina moja kisha la pili yake, polepole, kama mtu anayepita katikati akielekea mahali. Yalitikisika hadi karibu na kile kiti.

Yakatulia.

Karibu na mguu wangu ua moja jeupe lilifunguka. Kisha lingine. Kisha mengi. Hakuna aliyeyachuma. Tuliposema amina, shamba lote lilikuwa jeupe.

Watu waliondoka bila kuagana, isipokuwa mama mmoja aliyenisogelea akaninong'oneza, "Sasa haya managu ni ya nani?" Mungu anisamehe nilivyomtazama.

Managu yalizaa, yakakauka kama managu mengine. Asubuhi mezani hakuna kitu. Thadeus yu hai, na anajipikia mwenyewe, vibaya. Bado ana ile sentensi moja. Anawasalimia nayo wapita njia.

Lakini kile kiti hakikuondoka. Siku ile tulipomaliza, Joash alikwenda kukichukua, na hakikusogea. Udongo wa pale uliokwa na moto, ni mgumu kama tofali, hata jembe linadunda. Miguu ya kiti ilikuwa imezama ndani yake hadi kwenye maungio, kama vile mtu mzito aliketi hapo kwa muda mrefu. Dada yangu alikuwa mwembamba. Tulikuwa uani watu wengi, mchana kweupe, na macho yetu yote yalikuwa kwenye kiti hicho. Kilikuwa kitupu.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Nyanchama, aliyelima vizuri na kusemwa vibaya. Mfungulie mlango, yeye aliyefungiwa. Mpe pumziko lisilo na moto wala moshi, na mwanga usiounguza. Na Thadeus, Bwana, usimwite haraka. Mwache huku kidogo. Dada yangu apumzike kwanza. Amina.