Ubao wa Saba Dirishani

Ubao ule wa dirishani uliwatosha paka watatu wanono, lakini Karani alilala pembeni kabisa, mguu mmoja ukining'inia, kama mtu aliyeambiwa asogee mgeni apate nafasi. Hidaya alimvuta katikati. Karani akamtazama kwa dharau, akarudi pembeni. Akamvuta tena, akarudi tena.

"Haya, anguka basi, mshamba wewe," Hidaya akasema, akaenda zake jikoni kuchambua maharage.

Hidaya alikuwa mke wa pili wa Mbaraka, fundi seremala, na tuelewane mapema: wa pili kwa sababu wa kwanza alikufa. Salma alizikwa miaka mitatu iliyopita, Mungu amrehemu. Lakini wivu wa Hidaya haukutaka kusikia habari za kufa. Siku alipoingia nyumba ile, kwenye mteremko juu ya mji wa Lushoto, aligawa sufuria za Salma, akagawa kanga za Salma, akang'oa hata maua ya Salma. Marehemu hakubakiziwa kijiko. Wapo wanawake wanaogombana na wake wenza walio hai. Huyu alimchagua aliye kaburini, na alikuwa anashindwa, maana aliyekufa hakosei tena chumvi kwenye mchuzi.

Alichotaka kilikuwa kimoja tu: mumewe amtazame. Mbaraka hakuwa mbaya. Hampigi, hamnyimi, hamtukani. Ila macho yake yalimpita Hidaya na kwenda kutua mahali pengine nyuma ya bega lake, na mwanamke akitazamwa hivyo mwaka mzima hata chakula hakimshuki.

Karani alikuja naye kutoka kwao Mnazi, ndani ya kikapu. Paka dume mweupe, mguu mmoja mweusi kama aliouchovya kwenye wino, ndiyo asili ya jina. Huku juu hakuruhusiwa kutoka. Wakulima wa kabichi wanatega sumu ya panya kwenye vitalu, na paka akila panya aliyekula sumu, hamalizi siku. Jirani yao mama Dorkasi alikwisha kuzika wawili. Basi Karani akafungiwa ndani, akaanza kuchana mapazia na kulia mlangoni kama mtoto wa shule aliyefungiwa darasani, hadi Hidaya akamwambia mumewe, "Mtengenezee mahali dirishani, aone nje. Namwonea huruma."

Mbaraka alifanya kazi ya kifundi hasa. Alitia ubao mpana chini ya dirisha la sebuleni, akaufunga ukutani kwa vyuma vinne, akaukalia mwenyewe kuhakikisha hautikisiki. Akapigilia wavu wa chuma ili dirisha likifunguliwa paka asidondoke wala asitoroke. Hidaya akashona mto wa vipande vya kitenge, akaifunga juu kamba ya pazia isije ikamnyonga mnyama, akaotesha ngano kwenye kopo la rangi ili Karani apate majani ya kutafuna. Nje, kwenye mti wa mplamu, wakaning'iniza nusu dumu lenye mtama, na chiriku wakaja kwa makundi. Majirani walicheka mpaka basi. "Mama Karani," wakamwita, "na sisi tujengewe dirisha!"

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Wiki ya pili ndipo Hidaya alipoanza kuutazama ule mto vizuri.

Kila asubuhi ulikuwa na mabonde mawili. Moja dogo, limejaa manyoya meupe. La pili kubwa, halina unyoya hata mmoja, na alipoligusa lilikuwa na joto, joto la mahali ambapo mtu ameinuka sasa hivi. Na harufu. Mafuta ya karafuu, na chini ya karafuu udongo mbichi, ule wa chini kabisa ambao haujawahi kuona jua.

"Mume wangu, nani kajipaka karafuu humu ndani?"

"Sisikii harufu yoyote," Mbaraka akajibu, huku tundu za pua zimemtanuka.

Tangu siku hiyo akawa anafunga karakana mapema. Yeye ambaye zamani alipigilia misumari hadi maghribi, sasa adhana ya alasiri haijapoa masikioni amekwisha kuvuta kigoda chake, amekaa karibu na dirisha, kikombe cha chai mkononi. Ukimuuliza, anamtazama paka. Sawa, paka. Hidaya alimeza.

Ndipo ukaja ukungu wa Juni. Ulipanda bondeni mchana, ukaufunika mplamu, ukaufunika wavu, chiriku wakanyamaza, na sebule ikawa nyeupe kama ndani ya maziwa. Hidaya alikuwa amesimama mlango wa jikoni, sinia mkononi, akasikia sauti ya mumewe. Kishambaa. Si kile cha sokoni, bali cha mtu na mtu wake, chini chini, chenye kicheko ndani yake, na Hidaya, Mzigua wa Mnazi, akaambulia nusu tu: baridi, mahindi, siku zile. Akachungulia, akamwona Karani amelala pembeni mwa ubao kama kawaida yake, macho ameyafumba, na manyoya ya mgongo wake yakalala, taratibu, kuanzia kichwani, shingoni, mgongoni, hadi mkiani, kisha yakasimama, kisha yakaanza kulala tena kutoka kichwani, kama yanavyolala chini ya kiganja, na kiganja hakikuwepo, na paka akakoroma kwa raha, na Mbaraka akatabasamu, hakumtabasamia paka, bali pale penye nafasi tupu, juu kidogo, penye kimo cha uso wa mwanamke aliyeketi.

Mwanamke mwingine angepiga ukunga. Hidaya kilichompanda kwanza kilikuwa wivu. Kwake yeye Mbaraka hakuwahi kutabasamu hivyo, hata siku ya harusi. Woga ulikuja nyuma, umechelewa, ukakuta kiti kimekaliwa.

Asubuhi akamwita mama Dorkasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona macho yamekuvimba?"

Akamweleza kwa kunong'ona, Mbaraka akiwa karakana. Mama Dorkasi alikuwa Mlutheri asiye na muda wa mambo ya majini, lakini alikuwa na macho. Alipiga magoti, akachungulia chini ya ubao.

"Njoo uone."

Chini ya ubao kulikuwa na namba iliyoandikwa kwa mkaa. Saba.

Sasa, Mbaraka ndiye aliyekata mbao za kufunikia mwanandani, ile sehemu ya kaburi anamolazwa maiti, kwa Waislamu wote wa upande ule. Ilikuwa sadaka yake. Na kila ubao aliupa namba kwa mkaa ili wachimbaji wazipange kwa mfuatano, kichwani hadi miguuni. Ubao ukibaki makaburini haurudi nyumbani kwa mtu. Hilo hata mtoto analijua. Unaachwa msikitini, umngoje mwingine.

"Salma alikuwa amekwisha kwa maradhi," mama Dorkasi akanong'ona. "Amebaki mdogo kama binti wa darasa la tano. Zilikatwa saba, zikaingia sita. Nilimwona mumeo anashuka na wa saba begani, nikajua anaupeleka msikitini. Jamani, Mbaraka!"

Hidaya alimngoja mumewe anawe mikono.

"Ulijua ule ni ubao gani?"

Maji yaliendelea kumwagika. "Nilijua."

"Ukampa paka wangu alalie?"

"Ulisema mahali pa kukaa dirishani. Alipenda sana kukaa pale."

"Nani?"

Mbaraka alichukua taulo, akafuta kidole kimoja kimoja.

Wakaenda Vuga, kwa mganga Bi Mwanaisha. Mbaraka alikubali bila ubishi, maana kwa kweli alikuwa amekonda, mashavu yamebonyea, na yeye mwenyewe alianza kujiogopa. Bi Mwanaisha alikuwa bibi mfupi, mkali, asiyependa salamu ndefu. Waliposema shikamoo aliitikia, akapokea kibanzi walichokichonga kwenye ubao, akakinusa.

"Kati yenu nani ana wivu?"

Wote wawili wakatazama chini.

"Huyu si Salma," bibi akasema, sauti ameishusha. "Salma kapumzika, mwacheni. Huyu ni jini wa makaburini. Kaona ubao umepimiwa mtu, mtu hayupo, kaukalia. Nanyi mkamleta nyumbani, mkamshonea mto, mkamtundikia na ndege wa kutazama. Aondoke aende wapi? Anavaa sura ya yule mnayemuwaza. Wewe unamuwaza kwa mapenzi, na wewe kwa wivu. Wote wawili mnamlisha."

"Anatoka, bibi?" Hidaya akauliza.

"Anatoka. Ijumaa, baada ya sala, wewe baba uuchukue ubao peke yako, ukauzike kwenye kaburi la mkeo, usome dua, umuage kwa mdomo wako mwenyewe. Ukimuaga yeye, huyu hana pa kushika. Lakini sikilizeni." Akainua kidole. "Usichomwe. Mkiuchoma, aliyeukalia anakuwa moshi, na moshi unaingia popote penye pumzi."

Njia nzima ya kurudi, Hidaya alibaki na neno moja tu. Mkeo. Bibi alisema kaburi la mkeo, na hapo yeye Hidaya, mke, amekaa, goti lake linamgusa Mbaraka!

Alhamisi Mbaraka aliteremka Magoma kupeleka milango ya mteja. Hidaya akabaki na ubao, na paka, na mawazo. Kesho mumewe atapiga magoti pale juu, peke yake, atasema maneno matamu kwa mdomo wake mwenyewe, na yeye atakuwa nyumbani anamenya viazi. Maneno gani hayo? Atasema alimpenda? Atalia? Mimi namjua Hidaya. Angeambiwa akatembee uchi sokoni angefikiria kwanza, lakini hilo la kaburini hakulifikiria mara mbili. Alichukua bisibisi, akafungua vyuma vinne, akauteremsha ubao. Karani akaruka juu ya kizingiti chembamba cha dirisha, akamtazama. Hidaya akachukua shoka.

"Nitakuonyesha nani mke," akasema.

Akaupasua vipande saba, akavipanga mafigani, akabandika sufuria ya maharage, akaupuliza moto, na moto ukashika mara moja bila mafuta wala majani makavu, ukawaka wa kijani kidogo pembeni, na moshi ukapanda, lakini haukutafuta bomba wala dirisha wala tundu la paa kama moshi wa watu, ulitambaa sakafuni, ukapanda mguuni kwake, ukaingia kwenye mikunjo ya kanga, kwenye nywele, kwenye maharage yaliyokuwa yanatokota, una harufu ya karafuu, una harufu ya udongo, na Hidaya akaziba pua kwa kanga, akaziba mdomo, akahesabu moja, mbili, tatu, mpaka kifua kikataka kupasuka, na hakuna binadamu aliyewahi kushindana na pumzi yake mwenyewe akashinda, basi akavuta.

Baada ya hapo jikoni kukawa kweupe, kumetulia. Maharage yaliiva vizuri.

Mbaraka alirudi jua linazama. Alisimama mlangoni, akanusa, akavua viatu polepole. Dirishani akauona ukuta una matundu ya skrubu, wala hakuuliza. Akala. Akamaliza sahani, akaomba nyingine. Kisha akainua uso, akamtazama Hidaya.

Akamtazama. Macho hayakupita, hayakwenda nyuma ya bega. Yalitua usoni, yakakaa, yakajaa machozi, na Mbaraka akanyoosha mkono, akaushika wake, akaanza kusema Kishambaa kile cha chini chini, chenye kicheko ndani yake. Habari za baridi, za mahindi ya mwaka ule, za mvua iliyowanyeshea njiani kutoka Soni kabla hawajaoana.

Hidaya alielewa kila neno. Hata moja halikumpita.

Akataka kusema, Mbaraka, mimi sikuwepo mwaka huo. Mdomo ukafunguka, ukajibu kwa Kishambaa, haraka, vizuri, kama aliyezaliwa nacho, na mumewe akacheka mpaka akajifuta macho.

Kule dirishani Karani alikuwa bado kwenye kile kizingiti, mahali pasipomtosha hata yeye. Alimtazama Hidaya. Akajikunja, akasogea pembeni kabisa, mguu wa wino ukaning'inia, akamwachia nafasi.

"Njoo ukae pako," Mbaraka akasema, akivuta kigoda.

Miguu ikainuka. Haikumuuliza. Ikampeleka dirishani, mwili ukaegemea pale, mkono ukaenda wenyewe kwenye mgongo wa paka, kuanzia kichwani hadi mkiani. Karani akakoroma. Na ndani kabisa, mbali, kama mtu aliyebanwa nyuma ya wavu, Hidaya alikuwa anapiga kelele jina lake, huku anamwona mumewe, kwa yale macho aliyoyalilia mwaka mzima, akimtazama mwanamke mwingine.