Ubao Uliomfuata Kimbunga

"Mwachie! Utamuua!"

Kimbunga alipiga kelele, lakini ngumi yangu ilikuwa imeshaondoka. Ilimkuta Nahodha kwenye taya, akaangukia benchi langu la kazi, makopo ya gundi yakabiringika sakafuni.

"Rudia ulichosema," nikamwambia.

Nahodha alijifuta damu mdomoni, akacheka.

"Nimesema ubao wako ni jeneza. Nirudie tena, au umesikia?"

Nilimrukia. Kaka yake Kimbunga akanizuia kwa kipande cha mbao kifuani.

"Karakana yangu si ulingo! Mtu akirusha mkono tena, naanza naye mimi!"

Karakana ilikuwa yake kweli. Mimi nilikuwa fundi wake, mchonga mbao za kuteleza majini. Dada yake ndiye aliyezipanda, kishada kikubwa kikimvuta juu ya bahari kwa kasi ya kutisha. Jina la Kimbunga hakupewa bure. Nahodha alimfundisha mchezo huo, kisha akataka awe zaidi ya mwalimu, akakataliwa. Kaka mtu alimpenda Nahodha kama ndugu. Mimi nilikuwa nimepeleka posa, na posa ilikuwa bado inaning'inia.

Kimbunga alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika, ubao mmoja kila kwapa.

"Mmemaliza? Maana aliyepanda hizi mbao ni mimi, si mataya yenu."

"Haya, sema," kaka yake akamwambia. "Kesho kwenye mashindano unapanda upi?"

Aliubwaga chini ubao alioletewa na Nahodha.

"Huu ni bapa kama sinia. Maji yakitulia, raha mustarehe. Lakini leo bahari imechafuka, na kila wimbi linaupiga kofi tumboni. Kofi linapanda mpaka kwenye meno. Tena ni mwepesi mno. Hauna mikanda ya miguu, kwa hiyo nikiruka tu upepo unaunyakua. Mimi niko juu, ubao umeshahama."

"Na wa huyu?"

"Pua imeinuka, hauchimbi mawimbi. Tumbo limebonyea kidogo, maji yanapita katikati badala ya kunigonga. Ni mzito, ndiyo, lakini uzito wake unanituliza." Akanitupia jicho. "Kama mwenyewe."

"Hayo ni mapenzi yanaongea," Nahodha akasema.

"Nilianza na wako, nikaanguka. Ulitaka mapenzi yanidake?"

Hata kaka yake alicheka. Kisha akanigeukia, kicheko kikakauka.

"Sikiliza, fundi. Kesho akimaliza mbio salama juu ya ubao wako, napokea posa. Akiumia, usikanyage tena kwangu. Na ufukweni sitaki kukuona. Wewe na Nahodha mkikutana mbele ya watu mtaniaibisha."

"Shemeji..."

"Bado hujawa shemeji."

Kesho yake nilibaki karakana, msasa mkononi, upepo ukitikisa mabati. Simu ikalia. Alikuwa kaka yake.

"Njoo zahanati. Njoo uone kazi ya mikono yako."

Nilikimbia na vumbi la mbao kichwani. Kwenye korido alinipokea kwa ngumi ya tumbo. Nilipoinama, akanipiga goti usoni.

"Nyusi imepasuka mpaka mfupa unaonekana! Jicho limepona kwa unene wa kucha!"

"Nini kimempiga?"

"Ubao wako! Alianguka, ukamrudia usoni!"

Nyuma yake alisimama Nahodha, nguo zimelowa. Ndiye aliyemtoa majini.

"Nilikwambia ni jeneza," akasema kwa sauti ya upole.

Nilimfuata, muuguzi akaingia katikati.

"Hapa tunashona watu, hatuwachani! Toka nje!"

Nilikaa kwenye ngazi za zahanati, pua ikitoka damu. Nikamtumia ujumbe: "Niko nje. Sema neno moja tu."

Jibu lilikuja jua likiwa linazama:

"Ondoka. Nilikuamini kwa roho yangu, ukanifunga kifo kiunoni. Hata kuja kuniambia mwenyewe ulishindwa."

Nikausoma tena. Kumfunga? Nilimfunga nini? Na hapo kichwa kikaanza kufanya kazi. Ubao usiofungwa mwilini, ukiuacha unabaki palepale unaelea, wakati wewe kishada kinakuburuta mbele. Hauwezi kukufuata. Hauwezi kurudi usoni kwa mtu.

Niliingia ndani bila kubisha. Muuguzi alinishika shati, likabaki mkononi mwake.

Kimbunga alikuwa kitandani, bandeji imefunika nusu ya uso. Nahodha alikaa pembeni akimmenyea chungwa. Kaka yake alisimama dirishani.

"Nimesema ondoka!"

Kikombe cha bati kikanipata kwenye paji la uso. Sikujifuta.

"Nilikufunga nini?"

"Usinifanye mjinga!"

"Nakuuliza. Nilikufunga nini?"

"Kamba! Ile kamba ya mpira uliyomtuma Nahodha! 'Fundi anasema ufunge ubao kiunoni, bahari imechafuka, anaogopa kazi yake itapotea.' Nikamwambia huo ni wazimu, ukianguka mpira unavutika, ubao unarudi kama jiwe la kombeo. Akasema, 'Haya, nitamwambia humwamini.' Nikafunga!" Akapiga godoro ngumi. "Mimi ninayewafokea wanafunzi wasijifunge kamba, nikajifunga. Kwa sababu ni wewe uliyesema."

"Sikutuma kamba."

Kisu cha Nahodha kilisimama katikati ya chungwa.

"Kamba gani?" kaka yake akauliza polepole. "Nilimpokea ufukweni. Sikuona kamba yoyote."

"Nani alimfikia wa kwanza?" nikauliza.

Nahodha aliweka chungwa chini.

"Niliikata ili nimwokoe. Ingemzamisha."

"Na nilipokuuliza kimempiga nini?" Kaka mtu alitoka dirishani. "Swahiba, ulinitazama machoni ukasema ubao mbovu. Kamba hukuitaja."

"Nilichanganyikiwa, kaka."

"Wewe mwalimu wa mchezo huu hujui kamba inafanya nini kwenye mawimbi ya fujo?"

"Najua! Najua!" Nahodha alisimama, kiti kikaanguka. "Nilitaka aanguke tu! Ashindwe mbio, posa ife, basi! Sikutaka damu!"

Kimbunga alikuwa ameshachomoa sindano ya dripu. Alishuka kitandani pekupeku, akashika nguzo ya dripu kwa mikono miwili, akaizungusha. Ilimkuta Nahodha ubavuni. Nilisikia kitu kikilia ndani ya mwili wake. Kisu kikaruka chini ya kitanda.

"Hii ya jicho!" Akainyanyua tena. "Na hii ya kutumia jina lake!"

Nahodha alijikunja sakafuni akiomba. Kaka yake alimshika kola, akamburuta hadi korido kama gunia la mkaa. Tulisikia ukuta ukipigwa na kitu kizito, mara nyingi, na muuguzi akipiga kelele kwamba ameshaita polisi.

"Vizuri!" sauti ya kaka mtu ikajibu. "Wakifika nitawakabidhi kilichobaki!"

Tukabaki wawili. Nguzo ya dripu ilikuwa bado mikononi mwake.

"Na wewe usinisogelee," akaniambia.

"Sikusogelei. Umeamini ningekutumia mtu? Kitu kinachogusa uhai wako, mimi nikutumie mtu?"

"Niliamini."

"Basi sikia. Neno langu kwako linatoka kinywani mwangu. Likija na mtu, lirudishe na mtu."

Aliniangalia kwa jicho moja, jekundu, limejaa machozi ya hasira.

"Haya, toa moja hapa hapa."

"Nataka kukuoa."

"Hilo nalijua. Jingine."

"Kichwa kinaniuma sana."

Alicheka, akashika nyusi kwa maumivu, akatukana, akacheka tena. Nguzo ikaanguka. Akaja kifuani kwangu, damu ya mkono wake ikaungana na ya paji langu, na sikujua tena ipi ni ya nani.

Kaka yake alirudi na vidole vimechubuka.

"Nilisema akimaliza mbio salama," akaniambia. "Hakumaliza."

"Kaka, nitakupiga na wewe," Kimbunga akasema.

"Niache nimalize! Ningekuacha uwe ufukweni, fundi, kamba ile isingefungwa. Nimekupiga bure pia." Akakohoa. "Leta watu wako tuongee. Na mtafutie dada yangu kitu cha kuziba tundu la hiyo sindano."

Nahodha alifungwa jela, mbavu zikiwa bado na plasta.

Siku ya ndoa yetu, mpiga picha alimzunguka bi harusi akihangaika na mwanga.

"Geuka kidogo, dada. Upande wa pili hauna kovu, utatoka vizuri zaidi."

Mke wangu hakugeuka.

"Huyu hapa," akasema, akinivuta mkono, "amenuna wiki nzima kwa sababu fundi wa vipodozi alitaka kulifunika. Piga upande huu huu. Na ukilifuta kwenye kompyuta yako, tutarudi sote wawili."

Mpiga picha alinitazama mimi, kana kwamba nitamtetea.

"Piga, ndugu yangu," nikamshauri. "Mimi mwenyewe namwogopa."