Happy na Benchi la Mwaka wa Sita

Mambo yetu yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Septemba 2010, saa nne asubuhi. Ndiyo saa ambayo benchi la mwaka wa sita lilivunjika, shuleni kwetu Gasorwe, mkoa wa Muyinga. Binti yangu Happy ndiye alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Darasa zima lilicheka. Mtoto mmoja akasema mama wa darasa amebomoa nyumba, wakacheka tena.

Mimi saa ile nilikuwa shambani napanda maharage. Sikujua kitu. Nilikuja kujua baada ya miezi tisa, na katika miezi hiyo nilikaribia kumzika mtoto.

Naitwa Venansi. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Tulirudi Burundi mwaka 2009 kutoka Tanzania, mimi na Happy, wawili tu. Mama yake, Josefina, alibaki kule kwenye udongo. Happy alikuwa amemaliza darasa la saba kwa Kiswahili. Wakubwa wa ofisi ya elimu wakakiangalia cheti chake, wakasema hajui Kifaransa, arudi mwaka wa sita. Cheti walikiangalia. Mtoto hawakumwangalia. Wangemwangalia wangeona msichana wa miaka kumi na sita, mrefu kama mimi. Wakamkalisha na watoto wa miaka kumi na miwili.

Basi tukaishi. Mimi nalima, Happy anasoma, jioni anapika. Alipokuwa hai Josefina, tulikula sinia moja, sote tumeizunguka. Alipokufa tuliacha. Kila mtu akachukua sahani yake. Mimi nilikula nimesimama mlangoni, naangalia nje, kwa sababu nikikaa naiona nafasi yake. Happy alikwenda na sahani nyuma ya nyumba, karibu na zizi la mbuzi. Sahani ilirudi tupu. Nikasema mtoto amekula.

Mwezi wa kumi na moja Happy aliniambia anafunga kwa maombi. Kanisani kwetu vijana hufunga, si jambo la ajabu. Mara ya kwanza siku moja, kisha siku tatu, kisha kila wiki. Kastori, kiongozi wa kwaya anayoimba Happy, alimsimamisha mbele ya watu akamsifu. Alisema vijana wengine wamwige. Nami nilikaa kwenye kiti changu nikajisikia mtu. Tangu turudi hakuna aliyekuwa amenisifia kitu.

Na mbuzi wetu alikuwa amenenepa vizuri. Nilimwambia kila mtu kwamba majani ya Gasorwe hayana mfano.

Aliyeona ni Zuena. Zuena ni fundi cherehani, Mwislamu wa Muyinga mjini. Siku za soko huja Gasorwe na cherehani yake, hukaa kwenye baraza la duka la mumewe, Nassoro. Yeye ndiye aliyeshona sare za kwaya. Mwezi wa pili aliniita nikipita na mfuko wa mihogo. Alinipa kigoda, akafungua daftari lake la vipimo.

"Baba Happy, mi na we tuongee kidogo," alisema. "Angalia hapa. Mwezi wa kumi, kiuno sabini na sita. Mwezi wa kumi na mbili nikapunguza nguo, sitini na sita. Soko lililopita amekuja nipunguze tena. Hamsini na tisa."

Nilimwambia mtoto anafunga kwa maombi. Nilisema kwa majivuno kidogo, sitaficha.

Zuena alitoa sindano mdomoni, akaichoma kwenye kitambaa.

"Sisi Waislamu kufunga tuko tunajua, Baba Happy. Mfungo iko na saa ya kufungua. Jua likizama sisi tunakula, tena tunakula kwa furaha. Mtoto akiwa mgonjwa hafungi. We umewahi kumuona Happy anafungua?"

Nilifikiri. Nilifikiri tena. Sikuwahi.

Zuena akaniambia mambo mengine ambayo baba anayekula mlangoni hawezi kuyaona. Mtoto alivaa sweta mbili juani. Mikononi ameota vinyweleo laini kama vya kifaranga. Nywele za kichwani zinatoka kwenye kitana. Damu ya mwezi imekatika tangu Krismasi. Na kila anapopimwa anauliza kama bado ni mnene.

"Mais, lakini nilimwonyesha kwenye kioo," alisema Zuena. "Anaona mtu mwingine. Mi naona mifupa, yeye anaona mlima."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Hapo nilikosea, nawaambia ili msikosee. Nilimwekea Happy sahani ya ugali na dengu, nikachukua fimbo, nikasema hutoki hapa mpaka umalize. Alikula akilia. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akatapika yote. Nilimfuata nikamkuta mbuzi amesimama anamngoja, kwa mazoea. Ndipo nikajua mbuzi alinenepa kwa nini.

Kituo cha afya walimpima malaria, hakuna. Wakatupa dawa ya minyoo. Jirani mmoja akasema ni pepo. Mwingine akasema ni maringo, mtoto ameiga picha za wazungu. Kastori aliomba. Mwezi wa nne, Jumapili, Happy alianguka katikati ya wimbo. Waliombeba walikuwa wasichana wawili tu. Walimbeba kama mtu anabeba nguo.

Josefina ana mdogo wake, Gaudensia, ameolewa Ryansoro, mkoa wa Gitega. Alikuja siku ya pili, akasema kuna muuguzi mjini Gitega anayeshughulika na magonjwa ya akili. Mimi nilisema mwanangu si kichaa. Gaudensia akasema shemeji, funga mzigo. Tukaenda.

Muuguzi huyo anaitwa Theodosia. Ni mama mfupi, anaongea polepole. Kwanza alimlaza Happy, daktari akasikiliza moyo, wakapima damu. Moyo ulikuwa unapiga taratibu mno, kama mtu anayepiga hodi na hataki afunguliwe. Nami nilianza kusema. Nilisema kosa ni la ofisi ya elimu. Nikasema ni la kanisa, ni la serikali zote mbili, ya kule na ya huku. Theodosia alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mzee Venansi," alisema, "hiyo hasira iache hapo nje. Utaikuta ukitoka. Humu ndani tuna mtoto."

Nikakaa.

Alinieleza. Huu ni ugonjwa, una dawa yake, na si pepo wala maringo. Mtu anaogopa kunenepa kuliko anavyoogopa kufa. Anajinyima, anaficha chakula, anatembea au anafanya kazi kupita nguvu zake ili mwili upungue. Wengine hawakondi. Wanakula kingi kwa siri, kisha wanajitapisha, na ukiwaona utasema wazima. Wengine wanakula kingi kupita kiasi bila kutapika, halafu wanajichukia. Yote ni matatizo ya ulaji. Yanawapata wasichana zaidi, lakini wavulana pia, maskini na tajiri.

Nilimuuliza unaletwa na nini.

Alisema si kitu kimoja. Kuna watu wamezaliwa na mwelekeo huo. Kuna msiba. Kuna kuchekwa mwili. Kuna kuhama na kuona huna mahali panapokutosha. Mambo hayo yakikutana, mtu anatafuta kitu kimoja anachoweza kukitawala, na chakula kiko karibu.

"Alianzia wapi, mwenyewe anajua," alisema. "Usimhoji. Kaa naye tu."

Nikadhani sasa atalishwa nyama na maziwa. Hapana. Walianza na uji, nusu kikombe, mara nyingi kwa siku, wakipima damu. Theodosia alisema mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa ghafla unashtuka, moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo yule anayemshindilia mgonjwa chakula nyumbani, kwa upendo, anaweza kumuua. Nilikumbuka fimbo yangu.

Alilazwa wiki tatu. Kisha tukahamia kwa Gaudensia Ryansoro, na kila Alhamisi tulirudi Gitega. Alipimwa akiwa ameipa mizani mgongo, namba asiione. Aliongea na Theodosia peke yake saa nzima. Halafu mimi na Gaudensia tuliingia pia.

Siku moja Theodosia aliniuliza, "Na wewe mzee, unakula wapi?"

Nilisema mlangoni.

"Umesimama?"

"Nimesimama."

Gaudensia aliinama akacheka kidogo kwenye kitenge chake, maana alikuwa amenisema kwa hilo tangu msiba.

Masharti ya nyumbani yalikuwa machache. Kula mara tatu na vitafunio viwili, saa zilezile. Tukae pamoja, sinia moja. Hakuna kugombana wakati wa kula, hakuna kuhesabu matonge ya mtoto. Baada ya kula akae na mtu karibu saa moja, asiende nyuma ya nyumba. Na sharti lililowashinda watu wa Ryansoro: asiambiwe amenenepa. Kwetu hiyo ni salamu, ni sifa. Mtu akikuambia umenenepa anakutakia mema. Kwa Happy ilikuwa kama kofi. Gaudensia alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia. Mzee mmoja, Gervasi, aliuliza sasa amsifie nini. Akaambiwa amsifie sauti. Kila asubuhi akawa anapita uani anasema, "Happy, sauti yako nzuri," hata kama mtoto hajaongea.

Happy alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu turudi nchini.

Msidhani ilikuwa rahisi. Siku nyingine aliweka tonge moja mdomoni robo saa. Siku nyingine alificha viazi ndani ya sweta. Tulimwona, hatukumpigia kelele. Gaudensia alitoa viazi, akaviweka kwenye sinia, akaendelea na hadithi yake.

Mwisho wa mwezi wa sita, tunakula maharage na ndizi, Happy alisimamisha mkono. Akaanza kusema bila kuulizwa. Alisema ile Jumanne. Alisema lile benchi, na mama wa darasa, na walivyomkalisha chini mpaka muhula ukaisha kwa sababu benchi jingine halikuwepo.

"Sikutaka kufa, baba," alisema. "Nilitaka nitoshe kwenye benchi."

Nilikuwa na maneno mengi ya kuwasema wakubwa. Nikayaacha nje, kama nilivyofundishwa. Nilimega ndizi, nikala, nikiwa nimekaa. Naye akamega.

Tulirudi Gasorwe mwezi wa nane. Zuena alitoa daftari, akampima, akaandika, akalifunga. Hakusoma namba kwa sauti. Alisema tu nguo itabidi ifumuliwe mishono, na kwamba alijua siku hiyo itafika, kwa hiyo mwezi wa pili alikunja kitambaa hakukikata. Kastori alitangaza kanisani kwamba hakuna mtoto atakayefunga bila mzazi kujua, na mgonjwa hafungi kabisa. Alinijia baadaye, akanishika mkono, akasema hakujua. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa namsifia mbuzi.

Damu ya mwezi ilirudi mwezi wa kumi. Nywele zimerudi. Theodosia anasema safari bado, ugonjwa huu huweza kukaa mwaka au miaka, na unaweza kurudi, kwa hiyo kila mwezi twende. Tunakwenda. Kwaya inaimba, mbuzi amekonda.

Nami nilitengeneza benchi. Mimi si fundi, lakini mbao nilikuwa nazo. Nilipima magoti ya Happy, nikalifanya refu la watu sita, maana mwaka wa sita, ambao Happy anaurudia, kuna wakubwa sita, wote waliorudi kama sisi. Nililibeba kichwani mpaka shuleni. Mwalimu mkuu alilizunguka mara mbili, akasema ni zito, akalipokea. Wote sita wamelikalia sasa, nyuma darasani, na kila jioni parokiani kuna mtu anawafundisha Kifaransa.

Jana jioni tulikuwa kwenye sinia, mimi na Happy. Ugali, dengu, samaki mdogo. Nilikuwa nawasema watu wa ofisini, maana hasira yangu nje bado ipo, Theodosia aliniambia nitaikuta. Happy alinisikiliza huku anakula. Kisha akasema kwamba kwenye benchi letu, yule msichana anayekaa mwisho, wa kutoka Gishubi, amevaa sweta mbili wiki nzima.

Leo asubuhi nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Hakujua. Nikaenda ofisini, nikauliza ni nani kazi yake kuwaangalia watoto hawa. Kijana wa mapokezi aliandika swali langu kwenye karatasi, akasema nirudi Ijumaa. Nitarudi. Lakini kesho Happy atamwalika msichana huyo kula kwetu, sinia moja, na hatutahesabu matonge yake.

Jambo moja tu halijapata wa kulijibu, si shuleni wala ofisini. Mtoto huyo, kwao, anakula na nani?