Perege Waliolishwa na Wageni

Kila mgeni aliyefika kwa Fundi alipelekwa kwanza bwawani. Awe amekuja kushonesha gauni au kuazima sufuria, njia ilikuwa moja: nyuma ya nyumba, pumba mkononi.

"Rusha hapo katikati," Fundi humwambia.

Mgeni anarusha. Perege wanaibuka, wanagombania, maji yanachemka. Mgeni anacheka, na Fundi kichwa kinamvimba.

Bwawa hilo lilichimbwa palipokuwa na bustani ya mama mkwe wake. Mama aling'oa mboga kwa mikono yake mwenyewe.

"Chimba, mwanangu," alisema. "Ila nile samaki, nisije nikala maneno."

Miezi ikapita. Pumba ziliingia bwawani asubuhi, mchana, jioni, na kila mara hodi ilipobishwa. Maji yakawa kijani kizito kama rangi ya ukuta. Perege wenyewe hawakukua. Wengi walikuwa kama kidole gumba.

Alfajiri moja Fundi aliwakuta wote juu ya maji, midomo wazi.

"Maskini, wana njaa," akasema. Akawamwagia nusu ndoo.

Kesho yake wengi walikuwa wanaelea, matumbo juu. Fundi aliwaopoa upesi, akawatia kwenye beseni na kuwafunika kwa kitambaa cha mteja. Alikuwa anachimba shimo nyuma ya choo mama mkwe alipotokea na kopo la maji.

"Unapanda nini huko?"

"Takataka tu, mama."

Mama akatazama beseni. Mkia mmoja ulikuwa unachungulia chini ya kitambaa. Akaingia chooni, akafunga mlango.

Heri angemtukana. Siku hiyo Fundi alishona mfuko wa shati upande wa ndani, akaufumua, akaukosea tena. Mwisho akajikaza, akaenda kwa jirani yake, Mama Pacha, ambaye naye alifuga perege. Si yeye aliyemtangaza Mama Pacha mtaa mzima kuwa ni mchoyo hata wa pumba, kwa sababu haruhusu mtu kulisha samaki wake?

"Karibu kwa mchoyo," Mama Pacha akamwambia.

Uso ukamshuka Fundi. "Nisamehe, shoga. Samaki wangu wanakufa."

Mama Pacha akafuatana naye hadi kwake. Walipofika bwawani, alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko.

"Kiganja changu unakiona?"

"Sikioni."

"Maji yamezidi uzito. Hawa hawakuwa na njaa, walikosa hewa. Chakula kisicholiwa kinaoza chini na kumaliza hewa ya majini. Alfajiri ndipo inapopungua zaidi."

"Na mimi nikawaongezea."

"Ukawaongezea."

Fundi akatazama chini. "Lakini mbona hawakui, na pumba zote hizo?"

"Mtoto wako ungemlisha uji mtupu kutwa, angekua? Pumba zinatia nguvu. Kinachojenga mwili ni protini. Changanya pumba na mashudu ya alizeti, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, na dagaa waliosagwa. Wakiwa wadogo, ongeza dagaa. Kanda kwa maji kidogo, pitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, kisha anika. Ukivunja vipande, viwe vya kuingia mdomoni mwao. Unga mkavu unatawanyika tu."

"Niwape mara ngapi?"

"Asubuhi jua likishatoka, na alasiri. Mahali palepale. Rusha kidogo kidogo huku unawatazama. Wakiacha kugombania, nawe acha. Kisichoisha kwa robo saa ni cha kuoza. Ila kwa sasa usiwape kitu. Punguza maji ya chini, ingiza safi, mpaka kiganja kionekane."

"Na wageni?"

"Wageni wape chai."

"Na mama?"

"Hilo, mwenzangu, halina mashudu. Mwambie."

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Fundi akapiga magoti kando ya ungo.

"Mama, samaki wamekufa. Nimewaua mimi, kwa kupenda sifa. Na nikakudanganya."

"Mkia niliuona," mama akasema, bila kuinua macho. "Nilikuwa nakungoja. Sikung'oa mboga zangu ili unifiche mambo." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Waliobaki wapo?"

"Wapo wachache."

"Basi futa machozi. Tukatoe hayo maji."

Walitoa maji kwa ndoo, wakajaza mengine. Tangu hapo Fundi alilisha mwenyewe, mara mbili, kwa kipimo na macho. Maji yakawa kijani chepesi. Perege wakanenepa migongo. Siku ya kuvua, kila mmoja alikizidi kiganja cha mama mkwe huku na huku. Mama Pacha alipelekewa samaki wake wa kwanza kabisa, na Fundi aliwapeleka mwenyewe, mchana kweupe.

Fundi na mama mkwe walikuwa mezani wakila perege, mteja mmoja alipoingia, mkono tayari umenyooshwa.

"Pumba ziko wapi, Fundi? Nimewakumbuka samaki wangu."

Fundi akaona haya. Kumnyima mgeni ni kazi.

"Hao wameshakula," mama mkwe akasema, akichomoa mwiba. "Nawa, nawe ule."