Milimita Tatu

"Soma tena," Baba alisema bila kugeuka.

Shirleen alisogeza macho karibu na utepe wa kupimia. "Upana, milimita mia nne kumi na mbili."

"Umepima wapi na wapi?"

"Juu, katikati na chini."

"Chukua kile kipimo kidogo kuliko vyote. Halafu?"

"Halafu natoa tatu."

"Haya, andika."

Shirleen aliandika 409 katika daftari lake la zamani, kisha akahamia fremu iliyofuata. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa pili mwaka wa 2003. Madirisha ya darasa la sita yalikuwa na fremu za chuma zisizo na vioo, na upepo wa Kitengela uliingia na vumbi lake, ukapita juu ya madawati na kutokea upande wa pili. Baba yake, Bwana Wakhungu, alikuwa amechuchumaa pembeni akikanda puti, ule udongo laini wa kushikilia kioo kisianguke.

Mwalimu mkuu, Bwana Kimeu, alikuwa amempa darasa hilo moja kama majaribio. Kazi ikiwa nzuri, angempa madarasa mengine matano. "Nikipata hayo matano," Baba alikuwa amemwambia Shirleen, "mama yako na Morgan watakuja Aprili."

Mama na Morgan, mdogo wake, walikuwa wamebaki nyumbani kwao Webuye. Tangu Januari Shirleen na Baba walikaa wawili katika chumba cha kupanga. Alikuwa na miaka kumi na miwili na alijua kupika ugali, kufua na kufunga mlango. Kile ambacho hakukijua ni namna ya kuongea na mtu ambaye hajaanza kuongea naye. Mwaka huo masomo ya msingi yalikuwa ya bure, na darasa lao lilikuwa na wanafunzi tisini. Walikaa wanne kwenye dawati moja, lakini hakuna aliyejua jina lake. Kwa sababu alikaa pembeni akitazama nje, mvulana mmoja aitwaye Kiama alimwita Dirisha. "Wewe Dirisha, hebu sogea tupate hewa!" Darasa lilicheka, na Shirleen akasogea.

Sasa zilikuwa zimebaki fremu mbili. Huko uwanjani wasichana wa mtaa wa karibu walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kumlenga aliye katikati, kwa mpira wa karatasi za nailoni. Mpira ukaruka ukaanguka chini ya dirisha.

"Wewe! Turushie mpira!"

Alikuwa Waithera, msichana mrefu aliyekaa nyuma darasani. Shirleen aliruka nje, akaurusha.

"Asante. Si wewe ni wa darasa letu?"

"Ndiyo."

"Si ukuje basi ukimaliza? Tumepungukiwa na mtu."

Shirleen alirudi kwenye utepe mbio. Alipima fremu mbili zilizobaki, akaandika 412, tena 412, akamkabidhi Baba daftari. "Nimemaliza. Naweza kwenda kucheza?"

"Nenda, mama," Baba alisema, akifurahi kumwona akienda kwa wenzake.

Alicheza hadi jua likawa jekundu. Aliporudi, vioo vyote vilikuwa vimeingia. Baba alikuwa akipapasa kile cha mwisho. "Hivi viwili vimebana kidogo," alisema, akakigonga pembeni kwa mpini wa nyundo, polepole, kisha akapaka puti.

Jumatano mchana jua lilipiga upande ule wa darasa hadi fremu zikawa za moto kuguswa. Ng'ombe wawili wa jirani walipenya ua wa shule wakaingia kwenye bustani ya sukuma wiki. Waithera, aliyekuwa na zamu ya kunyunyiza maji, aliokota mawe akawarushia. Ng'ombe walitimka. Wakati huohuo, ukasikika mlio mkavu: ta!

Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka.

"Waithera amevunja dirisha!" Kiama alipiga kelele.

"Sikuvunja! Nilirusha huko chini kwa ng'ombe!"

Lakini mawe alikuwa nayo mkononi, na kila mtu alimwona. Mwalimu mkuu hakumpiga. Alimwambia tu kwamba hataingia darasani mpaka mama yake aje. Mama yake Waithera alikuwa amekwenda Kimana kununua vitunguu vya kuuza, na hangerudi kabla ya Jumapili. Basi Waithera akakaa kwenye kiti nje ya ofisi, vitabu mapajani, akisikia wenzake wakisoma kwa sauti.

Alhamisi wakati wa mapumziko Shirleen alikaribia kile kioo. Alikuwa ameona vioo vingi vilivyovunjika. Jiwe likigonga kioo, huacha alama pale lilipogonga, na nyufa hutawanyika kutoka hapo kama miguu ya buibui. Hapa hapakuwa na alama yoyote. Palikuwa na ufa mmoja tu, ulioanzia ukingoni, kwenye chuma, ukapanda ukipinda taratibu kuelekea katikati.

Jioni alifungua daftari. 409, 409, 409, mstari baada ya mstari. Na chini kabisa, kwa fremu mbili za mwisho, ile ya kioo kilichopasuka ikiwa mojawapo: 412, 412.

Alijua maana yake. Chuma kikipata joto hutanuka, na kioo nacho hutanuka. Ndiyo maana fundi huacha nafasi ndogo pande zote. Kioo kisipopata pa kutanukia, hupasuka chenyewe, hata bila kuguswa.

Baba aliingia akipiga mluzi. "Mwalimu Kimeu anataka tuzungumze Jumatatu juu ya yale madarasa mengine," alisema. "Kile kioo cha yule msichana nitakibadilisha, si neno."

Shirleen alifunga daftari. Akilini alimwona mama yake akishuka garini na Morgan mgongoni. Halafu akamwona Waithera kwenye kile kiti. Walipokuwa wakila, nje upepo ulitingisha mabati. Chumba hakikuwahi kuonekana kwake kikubwa na kitupu namna ile.

Asubuhi, Baba alipokuwa akivaa viatu, Shirleen alimwekea daftari magotini. "Baba, sikutoa tatu. Kwa viwili vya mwisho. Nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza."

Baba alipitisha kidole kwenye zile tarakimu, mstari kwa mstari. Chai yake ilipoa. Shirleen alitamani amgombeze, yaishe.

"Lini umejua?"

"Jana mchana."

"Mh." Alifunga kamba za viatu. "Chukua mkoba wako. Tutakwenda pamoja."

Waithera alikuwa tayari nje ya ofisi walipofika. Bwana Kimeu alisikiliza, mikono mezani. Mlango ukiwa wazi, Shirleen alieleza mwenyewe, tangu haraka ya Jumamosi hadi ufa aliouona jana, sauti ikipotea na kurudi.

"Bwana Wakhungu," mwalimu mkuu alisema, "isije ikawa mtoto wako anamsaidia rafiki yake tu."

"Mimi si rafiki yake," Shirleen alisema. "Hajui hata jina langu."

"Twende tukaangalie, Mwalimu," Baba alisema.

Walikwenda wote wanne. Baba alikwangua puti kwenye kona ya kioo ambacho kilikuwa bado hakijapasuka, kile cha pili chenye kipimo kibaya. Kioo kilikuwa kimegusana na chuma, hata ukucha haukupita. Akakwangua kona ya kioo jirani. Hapo ukucha wa Bwana Kimeu ulipita.

"Hata hiki kingepasuka," Baba alisema. "Na kosa si la mtoto peke yake. Nilihisi vimebana, nikavigonga, nikajiambia vitakaa. Nilipaswa kupima mwenyewe."

Bwana Kimeu akamgeukia Waithera. "Nilikuona na mawe nikadhani nimeona kila kitu. Nisamehe, mwanangu. Ingia darasani." Kwa Baba alisema, "Badilisha hivi viwili kwa vioo vyako. Nitavitazama wiki mbili za jua. Vikikaa, tutazungumza juu ya hayo mengine. Siwezi kuahidi kwamba itakuwa kabla ya Aprili."

"Ni haki, Mwalimu."

Waithera alichukua vitabu vyake. Alipompita Shirleen alisimama. "Ulikaa tangu jana ukijua?"

"Ndiyo."

"Na mimi niko pale kwa kiti."

"Ndiyo. Pole."

Waithera aliingia, akakaa nyuma mahali pake, na hakugeuka hadi kengele ya mwisho.

Jioni hiyo baba na mwana walirudi darasani na kioo kipya, wakang'oa vile viwili. Baba alichovya kikatio katika mafuta ya taa, akavuta mstari mmoja tu, bila kurudia, akakimega kioo ukingoni mwa meza. Kilikatika safi.

"Unajua, mama," alisema akikipachika, "kukosea kupima ni kawaida ya anayejifunza, hata ya anayejua. Kioo kinabadilishwa. Lakini kila saa uliyonyamaza, mtu mwingine alikuwa amekalia kosa lako. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado dogo."

"Mama hatakuja Aprili?"

"Labda hatakuja. Tutamwandikia, tumweleze ukweli."

Shirleen aliitikia kwa kichwa. Kifua kilikuwa chepesi kidogo kuliko jana. Alivuta utepe kwenye fremu ya pili, lakini upepo uliupeperusha. Utepe ulimponyoka mara mbili.

Mkono mwingine ukashika ncha ya pili kutoka nje. Alikuwa Waithera. Hakutabasamu.

"Mnatoa ngapi?" aliuliza.

"Tatu."

"Soma basi, niko macho."

"Mia nne kumi na mbili." Shirleen aliandika 409, akamgeuzia daftari aone. Waithera aliangalia, akahesabu kwa vidole, akakubali.

Baba alitazama jua, likiwa limeshazama nusu. "Kioo hakikatwi kwa mwanga mbaya," alisema. "Hiki cha pili ni cha kesho asubuhi." Alikunja kitambaa akaweka zana ndani.

Upepo uliingia kupitia fremu iliyobaki wazi.

"Kesho nikuje saa ngapi?" Waithera aliuliza.

"Saa tatu."

"Sawa." Alianza kwenda, kisha akageuka. "Na wewe, hukuniambia jina lako."