Mashine Iliyofundishwa Kusalimia

Kila asubuhi, malori ya simenti yakianza kupita kijijini Muganza, Mzee Kamali hukaa mlangoni na kusugua magoti yake. Magoti hayo yamefanya kazi, jamani! Kwa miaka ishirini na sita yalimtembeza kando ya mifereji ya mpunga, kipaza sauti begani. Yeye ndiye aliyetangaza zamu za maji.

Hakutangaza kwa haraka. Alisimama kwanza, akasalimia kwa Kiswahili cha huko. "Bantu ba mufereji wa pili, habari ya kwenu? Batoto beko sawa?" Watu walimjibu kutoka mashambani, wengine kwa utani. Ndipo aliposema, "Maji yenu ni kesho, saa mbili." Siku zile! Kamali akizikumbuka, macho humlowa.

Magoti yalipokataa, zamu zikaandikwa kwenye karatasi mlangoni pa ghala. Lakini wakulima wengi hawajui kusoma. Kwa hiyo binti yake Aurore, mama wa watoto wawili, alikwenda mjini Kamembe kwa miezi mitatu. Alijifunza kutengeneza namba ya simu inayoongea. Mkulima anapiga, anataja mfereji wake, mashine inamwambia siku ya maji.

Wiki ya kwanza ya namba hiyo, Kamali aliona fahari. Wiki ya pili akaja jirani yao Dative, amefura.

"Aurore, ile mashini yako haina adabu! Minaita ile namba mara tatu. Kila mara inasema haielewi, kisha inakata. Maji yamenipita mara mbili. Mupunga unachanua na udongo umepasuka. Zamu hii ikinipita, nitavuna mapepe matupu, maganda bila punje!"

Aurore akashtuka. "Pole, Maman Dative. Zamu yako ni Alhamisi, saa moja asubuhi. Wewe nimekuambia kwa mdomo, lakini wale wengine mia tatu? Ebu piga tena, nisikie."

Dative akapiga. Mashine ikasema, "Taja mfereji wako."

Dative akajibu kama mtu aliyelelewa vizuri. "Aksanti. Habari ya asubuhi? Kwenu bote bazima?"

"Sijaelewa," ikasema mashine.

Kamali akacheka mpaka akashika mbavu. "Binti yangu, umeifundisha kuuliza, hukuifundisha kusalimia! Hapa kwetu muntu gani anaulizwa shamba kabla ya kuulizwa batoto?"

Aurore akaona haya. Akaleta kompyuta, akaifungua mbele yao.

"Papa, angalia. Lugha hii inaitwa VoiceXML. Ni lugha ya alama. Alama moja inafungua, nyingine inafunga. Ni kama mlango wa mfereji. Ukifungua ukasahau kufunga, maji yanakwenda ovyo. Katikati ya alama hizi naandika maneno ya kusemwa na mashine. Hapa chini naandika orodha ya majibu inayoyangoja: mfereji wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jibu lisilo kwenye orodha, haielewi."

"Na salamu haiko ku orodha," akasema Kamali.

"Haiko. Kosa ni langu."

"Basi weka mlango mwingine mbele. Mlango wa salamu. Pale mashini isitafute neno lolote. Ingoje tu muntu amalize."

"Na isipoelewa isinikatie!" akadakia Dative. "Irudie polepole."

Aurore akaandika, akafuta, akaandika tena. Alama moja alisahau kuifunga, programu ikagoma. Akaitafuta mpaka akaiona. Kisha akamgeukia baba yake.

"Papa, sauti ya kusalimia iwe yako."

Kamali akaomba aletewe koti lake la Jumapili. "Papa, hii ni simu, hakuna atakayekuona," akasema Aurore. Alilivaa hivyo hivyo, akakohoa, akaongea.

Alhamisi maji yaliingia shambani kwa Dative. Wakulima wengine nao wakaanza kupiga, na hakuna aliyekatiwa. Wakati wa mavuno, Dative alimletea Kamali kikapu cha mchele, kizito. Mapepe hakuyaona.

Siku hizi, malori yakianza kupita, Kamali huchukua simu na kupiga ile namba. Hana shamba la kumwagilia.

"Habari ya kwenu?" sauti yake inamwuliza. "Batoto beko sawa?"

"Beko sawa," anajibu Kamali. "Ila magoti, ndugu yangu. Magoti!"

Na mashine inangoja mpaka amalize.